Dakika Tisa za Makambako

Siku ile Makambako iliamka na kiherehere cha nyumba yenye harusi. Wauza maandazi walishapanga beseni zao nje ya geti tangu alfajiri, baridi ya kule ikiwang'ata vidole wasiijali. Vijana wa breki walivaa ovaroli zilizopigwa pasi. Ovaroli, jamani, na pasi! Na kila aliyekutana na mwenzake aliuliza swali moja: "Saa sita utakaa wapi?"

Maana saa sita kamili mchana Stesheni Kuu ya Sumaku ingesimama. Kwa miaka kumi na mmoja tangu izinduliwe haikuwahi kusimama, iwe sikukuu, iwe msiba. Mizigo ya nusu ya bara ilipita pale kwenye treni zinazoelea juu ya njia zake, na watu elfu kumi na mbili waliifunga, waliifungua na kuisukuma, zamu kwa zamu, macho yamewaiva kama pilipili. Leo treni zote zingetulia, na watu wale wangekaa chini palepale walipo, wafunge utepe kichwani, wapumzike dakika tisa. Asiyejua atacheka. Lakini dakika tisa za utepe zilikuwa sawa na usingizi wa usiku kucha, na waliozionja walizisimulia mpaka mate yakawatoka.

Na pumziko lote hilo lilitoka kwa mtu mmoja: Tusekile Mwakalinga, mwalimu wa yoga ya polepole, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na minane, ambaye kwa miaka kumi na tisa alikuwa akifundisha watu kulala chini bila kufanya kitu. Ndivyo shemeji zake walivyoieleza kazi yake, wakicheka. Leo walikuwa wamempigia simu wote, mmoja mmoja, kuomba nafasi ya kukaa karibu naye.

Saa tatu asubuhi alikuwa kwenye mkeka wake ndani ya ghala la zamani la mahindi, akimalizia jaribio la mwisho. Mbele yake walilala wafanyakazi arobaini, wale waliokuwa wakiujaribu utepe kwa wiki sita. Yeye alivaa utepe mkuu, ule unaochota kila anachokihisi mwilini: uzito wa kisigino, ubavu unavyofunguka, pumzi inavyoshuka mpaka kitovuni. Tepe ndogo za wale arobaini zilipokea hisia hizo na kuzimwaga ndani yao, kila mmoja akahisi mwili wake umetulia kama wa mwalimu.

"Haya," alisema Tusekile kwa sauti yake ya chini. "Rudini taratibu. Hakuna anayewakimbiza."

Waliketi mmoja mmoja, nyuso zimewanawiri. Ikaja chai ya maziwa na viazi vitamu, zikaja na fomu za maswali, kama ilivyokuwa kila siku. Huo ndio uliokuwa utaratibu: baada ya jaribio, saa nzima ya chai na fomu, ndipo watu warudi kazini.

"Dada, jana nimemwimbia mke wangu," alisema Ambakisye, mdogo wake Tusekile, mfunga mabehewa, mtu asiyeweza kunyamaza hata akiwa na kiazi mdomoni. "Mimi! Nimeimba beti tatu. Kawaulize majirani, walikuja kulalamika."

"Masikini mke wako," alisema Tusekile, naye meno yote nje. Furaha ilimjaa kifuani mpaka akaona aibu. "Haya chukua sukari hiyo, iko kulia kwako."

Ambakisye alinyoosha mkono. Ulikwenda wa kushoto, ukachupa upande usio na sukari na kuigonga birika iliyokuwa pembeni. Chai ikamwagika, watu wakaruka huku na huku, wakaangua kicheko.

"We Ambakisye bado tu!" alisema Mama Lugano, mpiga ishara wa njia namba nne, mwanamke mkubwa kuliko wote mle. "Mie nilishazoea. Nikitoka kwenye utepe naanza kwanza na mkono nisioutaka."

Wote wakacheka tena, cheko la watu wenye siri moja. Tusekile ndiye pekee ambaye hakucheka.

"Unaanza na mkono gani, Mama Lugano?"

Mtu mmoja akakohoa. Mwingine akaanza kukitazama kiazi chake kana kwamba ni mara ya kwanza kuona kiazi.

"Ni kitu kidogo, mwalimu," alisema Mama Lugano. "Kulia na kushoto vinabadilishana. Mara nguo inakuwa ngumu kuvaa, mara unagonga mlango. Saa moja tu, kinaisha chenyewe."

"Wote?"

Hakuna aliyekana.

"Mbona kwenye fomu hamkuandika hata mara moja?"

"Tungeandika wangetunyang'anya!" Mama Lugano aliweka kikombe chini. "Mwalimu, mimi sijalala usingizi wa maana tangu nimzae Lugano, na Lugano sasa ana ndevu. Ungekuwa mimi ungeandika?"

Tusekile aliwaambia wafumbe macho, akapita nyuma yao akimgusa kila mmoja bega la kulia. "Inueni mkono niliowagusa." Arobaini wakainua, na aliposimama mbele kuhesabu, thelathini na saba walikuwa wameinua wa kushoto, tena kwa uhakika wote, kama watoto wanaojua jibu.

"Ambakisye," alisema polepole. "Glavu inayofunga behewa ni ipi?"

"Ya kulia, dada. Ya kushoto ndiyo inayoachia." Akatabasamu. Kisha akasikia alichokisema, na tabasamu likamtoka. Mabehewa yalielea hewani yakishikwa na glavu zile za sumaku, tani sitini kila moja, na wafungaji walisimama katikati yake. "Lakini sisi tunakunywa chai kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Saa nzima."

"Ninyi mnakunywa chai," alisema Tusekile. "Wale elfu kumi na mbili wanapewa dakika tisa, halafu honi."

*

Chumba cha mitambo kilikuwa juu ya ghala. Tusekile alipanda ngazi mbili mbili, yeye ambaye mtaa mzima ulimjua kwa kutembea kama anahesabu mchanga. Ndani alimkuta Onesmo Mgaya, mhandisi aliyeubuni utepe. Onesmo alikuja darasani kwake miaka minne iliyopita akiwa mgonjwa wa kukosa usingizi, akalala fofofo kwenye mkeka, na alipoamka alikuwa na wazo. Leo alikuwa amevaa suti, tai imemkaa kombo, na alikuwa akicheza peke yake.

"Mwalimu! Tepe zote zimeitika. Zote! Elfu kumi na mbili, hakuna hata moja iliyo—"

"Nionyeshe siku ya kupatanisha," alisema Tusekile.

Kupatanisha ndiko kulikoufundisha utepe mkuu kuusoma mwili wake. Mashine haijui mkono wala mguu. Inaona cheche tu zinazopita kichwani. Kwa hiyo mtu huambiwa afanye jambo moja moja, finya ngumi ya kulia, kunja vidole vya mguu wa kushoto, na kila cheche hupewa jina. Majina hayo yakishakaa, ndiyo yanayosafiri kwenda kwa wapokeaji.

Onesmo aliifungua video bila kuelewa. Pale kwenye skrini alionekana Tusekile wa miezi miwili iliyopita, amekaa kwenye mkeka. Mbele yake, kwenye viti, wamekaa wahandisi wanne wanamtazama.

"Inua mkono wa kulia," ilisema sauti ya Onesmo.

Tusekile wa kwenye skrini akainua wa kushoto. Wahandisi wanne wakaandika, wakaitikia kwa vichwa.

"Ona," alisema Tusekile.

"Naona nini? Umeinua wa kulia."

"Wa kulia kwako wewe uliyekaa mbele yangu! Wewe ungeinua wa kulia, mimi nikainua wa kushoto, na kwa kuwa tunatazamana mikono yetu ingeonekana iko upande mmoja. Onesmo, hivyo ndivyo tunavyofundisha. Mwalimu akiwatazama wanafunzi anasema kulia, anainua kushoto, ili wamfuate kama wanavyofuata kioo. Nimefanya hivyo miaka kumi na tisa. Mtu akikaa tu mbele yangu akataja upande, mwili unageuza wenyewe, mimi sina habari. Ninyi mlikaa mbele yangu kama darasa."

Onesmo aliirudisha video nyuma. Akaiangalia tena. Amri zote ishirini na sita, zote zimegeuzwa, hakuna aliyegundua kwa sababu kila aliyekuwepo alikuwa upande wa kioo. Kinyozi hajinyoi, mwalimu aliyewaambia watu wausikilize mwili alikuwa na mikono miwili asiyoijua ni ipi.

"Tulijua kuna masalia baada ya dakika tisa," alisema Onesmo, akijishika kichwa. "Ubongo unaichora upya ramani ya mwili, halafu unachukua muda kuirudisha. Tukadhani masalia yenyewe ni raha tu. Mungu wangu."

"Inarekebishwa?"

"Siku mbili. Kupatanisha upya, kupima upya."

"Basi siku mbili."

"Hatuna siku mbili!" Sauti ilimpasuka. "Mwalimu, unamjua mkurugenzi wetu, Bi. Delfina. Alikubali kusimamisha stesheni kwa sharti moja, utepe ufanye kazi leo. Usipofanya kazi, anachana makubaliano, na watu wanarudi kwenye zamu zilezile miaka mingine kumi na mmoja. Unajua wangapi wanaumia kwa mwezi kwa sababu ya kusinzia? Kumi na wawili. Mwezi uliopita wawili wamekufa. Sasa piga hesabu. Kwa utepe huu, ulivyo, labda tutaumiza watatu, wanne, kabla hatujaurekebisha kimyakimya. Tutakuwa tumeokoa wengi zaidi. Wallahi, nambari hazisemi uongo."

Tusekile alikaa kwenye kiti cha magurudumu. Na hapa nitasema ukweli wake wote, maana si vizuri kumpamba mtu: alitaka kukubali. Alikuwa amekitaka kitu hiki kwa moyo wote. Alikuwa amelala usiku akizisikia pumzi elfu kumi na mbili zikishuka pamoja naye, akaamka akicheka. Na hesabu ya Onesmo ilikuwa hesabu nzuri, haikuwa na tundu. Kizuri hakikosi ila, alijiambia, nani asiyejua.

"Anayeumia kwa kusinzia," alisema mwisho, "usingizi ni wake. Anaujua, anapigana nao, anajipiga makofi usoni. Huyu wetu atakuwa amejisikia mzima kuliko siku zote. Ataunyoosha mkono wake kwa furaha, na mkono utakuwa si ule, kwa sababu nimembadilishia bila kumwambia. Hilo siwezi, Onesmo. Watanisamehe usingizi, hili hapana."

"Basi tumwambie Bi. Delfina?"

"Tumwambie sasa atawaachia wale watu wakae?"

Onesmo aliangalia saa ya ukutani. "Hatawaachia hata wainame."

"Basi tutasema treni zikishasimama," alisema Tusekile, akainuka. Moyo ulimpiga kama ngoma ya unyago, na jambo la ajabu ni kwamba woga haukuwa peke yake mle. "Maikrofoni ya ghalani inasikika kila mahali?"

"Kila spika ya stesheni."

*

Saa sita kamili treni zilisimama.

Kelele ambayo Makambako iliizoea mpaka ikaacha kuisikia ilikatika ghafla, na watu walitazamana midomo wazi. Mbwa walibweka. Upepo ulisikika. Mahali fulani mtu alipiga kigelegele, kikajibiwa njia ya pili, kikajibiwa ya tano, mpaka stesheni nzima ikawa inarindima. Kisha wakakaa chini, kwenye majukwaa, kwenye sakafu za mabehewa, kando ya njia, elfu kumi na mbili, tepe mkononi, macho kwenye skrini kubwa alipoonekana mwanamke mfupi kwenye mkeka.

Tusekile aliuvua utepe mkuu akauweka chini.

"Shikamooni wakubwa, habari zenu wadogo," alisema. "Msivae tepe. Nimekosea."

Akawaeleza. Hakuzungusha maneno. Alisema kulia na kushoto, alisema kioo, alisema amri ishirini na sita, alisema kwamba baada ya dakika tisa kila mmoja angerudi kwenye kazi yake na mikono iliyobadilishana. "Kosa ni langu, la mwili wangu. Walioujaribu walipona kwa sababu ya chai. Ninyi hamna chai."

Mnong'ono ulipita stesheni nzima. Mbele ya ghala Ambakisye alisimama, akaupandisha utepe wake juu watu wauone, akauweka mfukoni. Mama Lugano aliupapasa wa kwake kama mtu anayeaga. Akauweka chini na yeye.

Sikioni mwa Tusekile kifaa kilikwaruza. Ilikuwa sauti ya Bi. Delfina Nyagawa, mkurugenzi, kutoka ofisini kwake.

"Mwalimu, asante kwa ukweli. Sasa waambie wainuke warudi kazini. Kila dakika hapa ni treni tatu."

"Makubaliano yanasema stesheni isimame dakika tisa, mkurugenzi," alisema Tusekile, na maikrofoni ilikuwa wazi, wote wakasikia. "Zimebaki saba."

Akakitoa kifaa sikioni.

"Ndugu zangu," alisema, "sina cha kuwamwagia. Pumziko langu libaki kwangu. Lakini kila mmoja amekuja na mwili wake leo, na sidhani kama wamewahi kukaa wawili, mtu na mwili wake, bila mtu kupiga honi. Nitawageuzia mgongo. Kwetu hilo ni kukosa adabu, mniwie radhi. Ila nataka tuangalie upande mmoja, mimi na ninyi."

Akageuka. Akakaa, miguu amekunja. "Mkono wa kulia juu," alisema, na mkono wake wa kushoto ukaanza kupanda wenyewe.

Aliuona. Akaurudisha chini. Loo, mwalimu mzima! Ilimbidi afikirie ugali, sahani mbele yake, tonge linalokwenda mdomoni, ndipo mkono wenyewe wa kulia ukajitambulisha. Akaanza kucheka, na kicheko kikatoka kwenye spika zote, na stesheni nayo ikacheka.

"Nimeupata," alisema. "Tafuteni na ninyi wa kwenu. Msiwe na haraka. Ukishapanda, egemea kushoto, kidogo tu, mpaka ubavu useme neno. Usiulazimishe. Sikiliza tu. Vuta pumzi. Uachie."

Hakujua kama wanafuata, kwa kuwa aliwapa mgongo. Alisikia upepo tu. Dakika ya nne akasikia mtu analia, mwanamume, kilio cha chini kisicho na haya, na hakuna aliyemtania. Dakika ya sita akatambua kwamba ukimya ule umebadilika, umekuwa mzito kama uji ulioiva. Ubavu wake mwenyewe wa kulia, ambao aliudhania anaufahamu, ulikuwa unamuuma mahali ambapo hajapatembelea miaka mingi. Machozi yalimtoka kwa furaha tupu.

Honi ikalia.

Tusekile hakufungua macho. Alingoja asikie viatu, minyororo, sauti za wasimamizi. Hakusikia kitu. Honi ikalia mara ya pili, ndefu zaidi, ikafika mpaka milima ya Lukumburu ikarudi, na bado hakuna kiatu kilichosogea. Mara ya tatu ikakatika katikati.

Kisha akasikia viatu vya mtu mmoja, vyenye kisigino, vikija juu ya sakafu ya ghala. Vikasimama mbele ya mkeka wake. Akafumbua macho. Bi. Delfina alikuwa anahema, kitambaa cha kichwa kimelegea. Alikuwa amekimbia njia nzima kutoka ofisini. Nyuma ya Tusekile, kupitia mlango mpana wa ghala, mpaka jicho lilipoishia, mkurugenzi alikuwa akiona watu wake elfu kumi na mbili wamekaa, macho wamefumba, mkono mmoja juu, wameinama upande mmoja kama mtama uliopigwa na upepo.

"Wamegoma?" alinong'ona.

"Hapana, mkurugenzi. Wamepumzika."

"Waamshe. Nakuomba, mwalimu. Wananisikiliza mimi miaka yote, leo hawasikii hata honi. Wewe watakusikia. Waamshe."

Tusekile alimtazama. Aliona macho mekundu, yaliyowiva kama ya wengine wote. Akasogea, akampisha nusu ya mkeka.

"Siwezi kuwaamsha sasa, Bi. Delfina. Tumefanya upande mmoja tu. Nikiwaachia hapa watatembea wamepinda."

Kisha akainamia maikrofoni. "Shusheni mkono taratibu," alisema. "Sasa upande wa pili."